Robert Koch: Tabibu aliyewafichua papasi wa Afrika Mashariki

Mbwa wa ulinzi anapokataa chakula, akashinda kivulini siku mbili na kuanza kuchechemea, mwenyewe huanza kutafuta sababu. Katika mji wa Garsen na vijiji vinavyouzunguka, Kaunti ya Tana River, sababu ya kwanza kushukiwa ni kupe, na aghalabu shuku hiyo huwa ya haki. Siku hizi, hata hivyo, shuku hiyo huja na jina lililoazimwa mbali. Mwenye simu akitafuta maelezo kuhusu mbwa mwenye homa na viungo vilivyovimba, hakawii kukutana na ugonjwa wa Lyme, maradhi yanayowasumbua mbwa wa Marekani na Ulaya, na huenda akaamini kwamba ndiyo yaliyomwingia mbwa wake.

Kupe wanaoeneza Lyme ni wa misitu na nyasi za nchi za baridi, kaskazini mwa dunia. Si hao wanaong'ang'ania masikio ya mbwa katika delta ya Mto Tana. Lakini kijidudu chenyewe kina ndugu yake wa ukoo mmoja hapa Afrika Mashariki, ambaye amekuwa akiwaangusha wapagazi, wasafiri na watoto tangu kabla ya reli kujengwa. Huyo huenezwa na papasi, na miongoni mwa watu wachache waliofichua siri yake ni Robert Koch, tabibu Mjerumani ambaye jina lake hutajwa zaidi panapozungumzwa kifua kikuu.

Koch hakuwahi kufika Garsen. Lau Ujerumani isingeiachia Uingereza himaya yake ya Witu, jirani kabisa na delta, katika mkataba wa mwaka 1890, pengine angefika. Kazi yake aliifanya kusini zaidi, Dar es Salaam, Usambara na katika njia za misafara ya bara. Hata hivyo, mambo aliyoyapatia na aliyoyakosea huko yangali yanamhusu kila mfugaji wa Tana mwenye mnyama anayetetemeka kwa homa, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha ya Koch ilikuwa mapambano na swali moja: ni kijidudu gani hasa?

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, ambako babake alikuwa ofisa wa migodi. Nyumba yao ilijaa watoto 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa amekwisha kuandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno, ingawa hakuwa na njia ya kuthibitisha. Mwanafunzi aliiweka fikra hiyo akilini, akaoa, akatangatanga kutafuta kazi, akajitolea kuwa tabibu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870, na mwaka 1872 akapata wadhifa wa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo umo nchini Poland.

Wollstein haukuwa mahali pa kumpa mtu sifa. Ulikuwa mji wa wakulima na wafugaji, na kondoo na ng'ombe wao walikuwa wakifa kwa kimeta. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, Koch alijifungia katika pembe ya chumba chake cha tiba akiwa na hadubini ambayo inasemekana alinunuliwa na mkewe, Emmy. Hakuwa na maabara wala msaidizi. Alichoma panya kwa vijiti vyembamba vya mbao vilivyochovywa katika damu ya mifugo iliyokufa, kisha akavikuza vijidudu hivyo nje ya mwili wa mnyama kwa kutumia majimaji ya jicho la ng'ombe. Siku baada ya siku aliviona vikirefuka, vikifanya mbegu ngumu, na mbegu hizo zikizaa vijidudu vipya. Hapo ndipo ilipojulikana kwa nini malisho yaliyoachwa miaka mingi huweza kuua tena: mbegu za kimeta hudumu udongoni.

Mwaka 1876 alifunga safari hadi Breslau akiwa na vifaa vyake na panya wake, akaonyesha kazi hiyo mbele ya mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn na wenzake. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa bila ya shaka kwamba kijidudu fulani husababisha ugonjwa fulani. Daktari wa mashambani akawa mtu wa kutafutwa, na kufikia 1880 alikuwa ameitwa Berlin, katika Ofisi ya Afya ya Dola.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo yalikadiriwa kuua mtu mmoja kati ya saba. Mnamo 1883 na 1884 alikifuata kipindupindu hadi Misri na India. Muhimu zaidi kuliko vijidudu vyenyewe ilikuwa kanuni aliyoisimika: kijidudu sharti kionekane kwa kila mgonjwa, kitengwe na kukuzwa peke yake, kisha kikitiwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa ule ule. Kanuni hiyo ilimfanya mwalimu wa ulimwengu mzima. Baadaye ingemsumbua yeye mwenyewe, maana vijidudu vya kupe havikukubali kukuzwa katika bakuli zake.

Umaarufu nao una gharama. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini, huku akificha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pembe zote za Ulaya. Wengi hawakupona, na baadhi yao walikufa upesi zaidi. Ilipobainika kwamba dawa hiyo ilikuwa dondoo tu la vijidudu vya kifua kikuu katika gliserini, aibu ilikuwa kubwa. Kilichosalia cha tuberkulini ni matumizi ambayo Koch hakuyalenga: hadi leo dondoo la aina hiyo hudungwa katika ngozi ya ng'ombe ili kupima kama ana kifua kikuu. Naye mwaka 1901 aliuambia mkutano mkubwa wa matabibu mjini London kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kwa binadamu. Alikosea pia, na kila anayekunywa maziwa mabichi anapaswa kulijua hilo.

Ni baada ya fedheha ya tuberkulini, na baada ya kutalikiana na Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg mwaka 1893, ndipo Koch alipoanza kuupa Ulaya kisogo. Afrika ilimwita kwa sababu ya ng'ombe.

Sotoka ilikuwa imeingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafyeka mifugo ya Waoromo, Wamaasai na jamii nyingine nyingi, ikaendelea kusini hadi ikavuka Zambezi. Mwishoni mwa 1896 serikali ya Koloni la Rasi ilimwalika Koch huko Kimberley. Baada ya miezi michache alipendekeza ng'ombe wazima wachanjwe kwa nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka. Njia hiyo ilikuwa na kasoro na muda si muda iliboreshwa na wengine, ila iliokoa wanyama wengi. Ugonjwa wenyewe ulidumu karne nzima zaidi. Mara ya mwisho kuthibitishwa duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, ambayo mpaka wake wa kusini ni Mto Tana huu huu, na mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umetokomezwa.

Kutoka Kimberley alipelekwa Bombay kuchunguza tauni, na kutoka Bombay akavuka bahari hadi Dar es Salaam mwaka 1897. Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo wasifu nyingi za Koch hulipita haraka, ilhali kwa wafugaji wa pwani ndilo lenye mafunzo mengi kuliko tuzo zake zote.

Ng'ombe walioteremshwa kutoka bara hadi pwani walikuwa wakifa. Ng'ombe wa pwani wenyewe, waliozaliwa na kukulia hapo, walionekana wazima. Koch alichukua damu, akaitazama, akaona ndani ya chembe nyekundu vijidudu vidogo sana, vingine kama vijiti na vingine kama pete. Wakati huo wataalamu walikuwa wakizungumzia ugonjwa wa kukojoa damu wa ng'ombe wa Marekani, ambao Theobald Smith na Fred Kilborne walikuwa wamethibitisha mwaka 1893 kwamba huenezwa na kupe. Ulikuwa ugunduzi wa kwanza wa aina yake duniani. Koch aliuheshimu, akayarudia majaribio yao Afrika Mashariki, na akaridhika kwamba kupe wa pwani nao hubeba maradhi hayo. Vile vijidudu vidogo akavitafsiri kuwa ni vichanga vya kijidudu kikubwa cha kukojoa damu. Havikuwa hivyo. Vilikuwa kijidudu cha ugonjwa mwingine kabisa.

Miaka michache baadaye kosa hilo lilidai malipo. Nchi za kusini, ambazo ng'ombe wao walikuwa wamemalizwa na sotoka na vita vya Makaburu, ziliagiza wengine kwa meli kupitia bandari ya Beira. Kuanzia 1901 ng'ombe wa Rhodesia walianza kuanguka. Wataalamu walipotazama damu na kuona vijidudu vidogo, walirejelea maandishi ya Koch ya Dar es Salaam na kuhitimisha kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa kukojoa damu, uliozoeleka, umekuja kwa ukali mpya. Wanyama hawakukojoa damu, lakini jina kubwa lilikuwa limeshatamka. Muda wa thamani ulipotea. Kabla ya janga hilo kudhibitiwa, ng'ombe zaidi ya milioni moja walikuwa wamekufa kusini mwa Afrika.

Koch mwenyewe aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Sifa yake hapa ni kwamba hakung'ang'ania alichokisema. Alipasua mizoga, akatazama tezi zilizovimba, bandama na mapafu yaliyojaa maji, akaona kwamba ugonjwa huo haukuwa wa kukojoa damu hata kidogo. Alivitambua vile vijidudu vidogo: ni vile vile alivyokuwa ameviona Dar es Salaam. Akaupa ugonjwa jina la homa ya pwani, kwa kuamini kwamba asili yake ni pwani ya Afrika Mashariki, ambako ng'ombe wenyeji walikuwa wameuzoea tangu undama. Leo wataalamu huuita Homa ya Pwani ya Mashariki, na wafugaji wengi wa Kiswahili huuita ndigana. Kwa hiyo pwani hii, bila ya kuombwa radhi, imeupa jina ugonjwa unaoua ndama hadi maziwa makuu.

Hakuishia hapo bila kukosea tena. Alipendekeza ng'ombe wachanjwe mara kwa mara, kwa miezi kadhaa, kwa damu ya wanyama waliopona. Serikali ilijaribu, wafugaji wakajaribu, na chanjo hiyo haikufua dafu. Sababu ilieleweka baadaye: ndigana haiambukizwi kwa urahisi kupitia damu, bali hungoja kupe. Charles Lounsbury na Arnold Theiler, waliokuwa wakifanya kazi Afrika Kusini, ndio waliothibitisha kwamba mbebaji ni kupe wa kahawia anayeshika masikioni. Kijidudu chenyewe kikapewa jina la Theiler. Chanjo iliyokuja kufaulu ilibuniwa miaka ya 1970 huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi: wataalamu waliwasaga kupe wenye kijidudu, wakamdunga ng'ombe maji yake na papo hapo wakampa dawa ya kuuzuia ugonjwa usimzidi nguvu.

Mapema mwaka 1905 Koch alirejea Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 61. Safari hii aliandama homa ya watu. Wazungu waliosafiri na misafara, na wapagazi waliotoka mbali, walikuwa wakishikwa na homa kali ya ghafla, ikaisha baada ya siku chache, kisha ikarudi, ikaisha, ikarudi tena. Wengi waliidhania kuwa malaria na kumeza kwinini bila ya nafuu. Katika damu yao hakukuwa na kijidudu cha malaria, bali kiumbe chembamba kilichojizongazonga kama parafujo. Mwenzake katika ukoo huo alikuwa ameonekana kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1868 na Otto Obermeier, katika damu ya wagonjwa wa homa ya kurudirudi inayoenezwa na chawa. Huyu wa Afrika alienezwa na nini?

Wenyeji walikuwa na jibu tangu zamani, kwani walimtaja papasi. Kitaalamu papasi ni kupe, ila tabia yake si ya kupe wa ng'ombe. Hana gamba gumu, wala hang'ang'anii mwilini siku kadhaa. Mchana hujificha katika vumbi na nyufa za sakafu ya udongo. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla ya aliyelala kuamka. Aweza kukaa miaka bila ya kula. Mahali pake pa furaha palikuwa vibanda vya kupumzikia misafara, ambako kila usiku aliletewa damu mpya.

Koch alifuata njia ya misafara kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro na Iringa, na katika kila kituo udongo wa kando ya nguzo na kuta za vibanda ulifukuliwa na kuchekechwa. Papasi walipatikana kwa wingi. Aliwapasua chini ya hadubini na kuviona vijidudu vya homa ndani yao. Aliwaendea pia papasi wa vijiji vilivyo kando ya njia kuu, ambako wenyeji hawakuonekana kuugua, akakuta kwamba nao wanavyo. Watu wa huko walikuwa wameambukizwa utotoni na miili yao ikajizatiti. Kisha akalipata jambo lililowashangaza wenzake: vijidudu vilikuwamo hata ndani ya mayai ya papasi. Kumbe mama huwarithisha wanawe, na kibanda kikishaingiwa hakisafiki kwa kuwaondoa wagonjwa. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa wa kawaida kabisa, na ulifaa: wasilale vibandani, wapige mahema mbali navyo.

Ni haki kusema kwamba hakuwa peke yake wala wa kwanza. Philip Ross na Arthur Milne, waliokuwa Uganda, walikuwa wametangaza mwishoni mwa 1904 kwamba homa hiyo huletwa na papasi. Mashariki mwa Kongo, Joseph Dutton na John Todd walifikia jambo hilo hilo, na walilipa kwa miili yao, kwa kuwa wote wawili waliambukizwa. Dutton alifariki huko Kasongo tarehe 27 Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu kilipewa jina lake. Ukoo mzima ukaitwa borelia, kwa heshima ya Mfaransa Amédée Borrel. Wapagazi waliofukua na kuchekecha udongo, na wenyeji waliomjua papasi kabla ya wote, hakuna kijidudu kilichopewa majina yao.

Mwaka huo, Vita vya Maji Maji vikiwa vimezuka Julai, Koch alirudi Ujerumani na mwezi Desemba akapokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Wengi wangestaafu. Yeye alirejea tena 1906, kupitia Amani katika milima ya Usambara na Mwanza, hadi visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakimaliza watu. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne.

Hii ndiyo sura nzito zaidi ya maisha yake. Katika kambi yake huko Sese aliwatibu wagonjwa zaidi ya elfu moja kwa dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki, iliyoitwa atoksili. Mwanzoni ilionekana kuwapa nafuu. Ugonjwa uliporudi, aliongeza kipimo. Wagonjwa waliumwa na matumbo, wakashikwa na kizunguzungu, na zaidi ya 20 kati yao walipofuka wasione tena. Ndipo akakipunguza. Wagonjwa wa Ulaya hawangefanyiwa majaribio kwa kiasi hicho, na katika miaka ya karibuni Wajerumani wenyewe wameanza kulijadili suala hilo hadharani. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe kambini, vichaka vya ufuoni vikatwe, na mamba waangamizwe, kwa kuwa aliona mbung'o wakinyonya damu yao. Mkazi wa Tana, anayewajua mamba kwa idadi na tabia, anaweza kukisia jinsi pendekezo hilo lingetekelezwa.

Aliondoka Sese mwaka 1907, akazuru Japani mwaka uliofuata kwa mwaliko wa mwanafunzi wake wa zamani, Kitasato Shibasaburo, na tarehe 27 Mei 1910 moyo wake ukasimama akiwa Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi yenye jina lake.

Papasi waliendelea kusafiri bila yeye. Miaka ya 1940 na 1950 mtaalamu wa wanyama Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, ambaye alikuwa akifanya kazi Tanganyika, aliwapa papasi wa Afrika wanafunzi wake wawachunguze. Mmoja wao, Willy Burgdorfer, aliandika tasnifu yake ya uzamifu juu ya namna borelia ya Dutton inavyoishi ndani ya papasi. Burgdorfer alihamia Marekani. Mwaka 1981, alipokuwa akiwapasua kupe kutoka New York kwa shughuli nyingine, aliona ndani ya matumbo yao viumbe vyembamba vilivyojizongazonga. Mtu mwingine huenda angevipita. Yeye alikuwa amevitazama jamaa zao kwa miaka mingi, na akavitambua. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kijidudu cha ugonjwa uliokuwa ukiwatatiza madaktari tangu katikati ya miaka ya 1970 katika mji wa Lyme, jimbo la Connecticut. Njia ya kuelekea Lyme, kwa maneno mengine, ilipitia katika vumbi la vibanda vya Afrika Mashariki.

Kwa mbwa, Lyme huonekana kwa homa, uchovu, tezi kuvimba na kuchechemea kunakohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Wachache huharibika figo, na hao ndio wa kuhofiwa. Mbwa wengi walioambukizwa hawaugui kamwe. Kupe wake huhitaji kung'ang'ania siku nzima au zaidi kabla ya kumwambukiza mnyama, kwa hiyo mbwa anayekaguliwa kila siku ana kinga kubwa. Tiba ni vidonge vya doksisiklini kwa muda wa wiki nne hivi, baada ya damu kupimwa.

Mbwa wa Garsen mwenye dalili karibu na hizo yumkini ana kitu kingine. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayeishi hata katika nyufa za kuta za nyumba, huleta erlikiosisi: homa, kukonda, tezi kuvimba, ufizi kupauka na wakati mwingine damu kutoka puani. Hii nayo hutibiwa kwa doksisiklini. Kupe hao huleta pia babesiosisi, ambayo ni jamaa wa karibu wa ule ugonjwa wa kukojoa damu uliomchanganya Koch. Mkojo huwa wa rangi ya kahawia au wekundu, ufizi huwa mweupe au wa manjano, na dawa ni nyingine kabisa, sindano ya imidokabu. Na kwa kuwa delta ina mbung'o, mbwa mwenye homa ambaye macho yake yameingia ukungu na uso ukavimba anaweza kuwa na nagana, ambayo haihusiani na kupe hata kidogo.

Hatari kubwa iko katika sindano ya ng'ombe. Mfugaji aliyezoea kuitibu nagana ya mifugo kwa diminazini hushawishika kumchoma mbwa dawa hiyo kwa kukadiria. Mwili wa mbwa hauvumilii kipimo kikizidi hata kidogo: ubongo hudhurika, mnyama hupepesuka, hupatwa na degedege na kufa, na lawama huangukia ugonjwa. Dawa ya josho la ng'ombe pia haifai kummiminia mbwa bila ya kipimo cha daktari wa mifugo. Kupe mmoja mmoja hung'olewa kwa kibano chembamba, kikishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole bila ya kumminya, wala hapakwi mafuta ya taa wala kuchomwa kwa kaa la moto. Tone la damu lililopakwa katika kipande cha kioo, likitazamwa kabla ya sindano ya kwanza, huzitenganisha nyingi ya homa hizi kwa dakika chache.

Wakati wa kiangazi, makundi ya ng'ombe kutoka Tana River, Garissa na Lamu hukusanyika katika nyasi za delta, na kupe wao hukutana. Ndama akishukiwa kuwa na ndigana, daktari wa mifugo huchoma sindano katika tezi iliyovimba chini ya sikio, huvuta majimaji kidogo, huyapaka kiooni na kuyatia rangi. Anachokitafuta ndani ya chembe nyeupe ni madoa ya buluu yenye vitone vyekundu. Vitabu vya taaluma hiyo huyaita hadi leo vijidudu buluu vya Koch.